Alipoigiza Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Shemeji anasema siku hizi unapanda ngazi bila kumlaani fundi aliyezijenga, nami nimefurahi. Mwili wangu mzima, ila moyo hautulii. Ndiyo maana nakuandikia.

Darasani tunafundisha kwa maigizo. Mtoto mwoga akipewa nafasi ya daktari au dereva husahau woga wake, na wenzake humzoea. Nina msichana mmoja, wenzake walimwita Bubu, kwani tangu mama yake afariki hakuwa akisema na mtu. Nikampa nafasi ya mama anayewaamsha watoto. Darasa zima likacheka.

Dada, alijishika kiuno, akakohoa, akawaita kwa sauti nzito ya mtu mzima. Akawakemea, akawapangusa makamasi, akamwambia mmoja asiogope shule, mama yupo. Hakuna aliyecheka tena. Tangu siku ile wanagombania kukaa naye. Nami nilijisifu kama kuku aliyetaga.

Kisha baba yake, fundi cherehani, akaja shuleni macho mekundu. Alisema binti haachi kuigiza. Hupika kwa sauti ile, humfokea kwa sauti ile, na mdogo wake ameacha kumlilia mama. "Mwalimu," akasema, "juzi aliniita jina ambalo marehemu peke yake aliniita. Nikaitika."

Nikaenda kwao. Nikamwomba yule mtoto tubadilishane: mimi niwe mama, yeye awe yeye. Alinitazama sana, kisha akauliza kwa sauti yake ndogo, "Mbona uliondoka bila kuniaga?"

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Nilikusudia kumjibu maneno ya chuoni. Kilichonitoka mdomoni ni sauti ya marehemu mama yetu, na ile "mwanangu we" yake ya kuvuta. Kwa sauti hiyo nikamuaga mtoto wa watu, nikamfunga vifungo vya sweta, tukalia. Miaka yote hii watu wakiniuliza, huwaambia nimeshapoa. Sijapoa, dada.

Mtoto sasa huzungumza kwa sauti yake, japo kidogo kidogo, na mdogo wake ameanza tena kulia. Baba yao anasema hiyo ni nafuu. Lakini ile sauti mimi haijanitoka. Leo alfajiri imeniamsha, nami sikutaka inyamaze. Njoo uisikie nawe, kisha tuiage pamoja.

Nisalimie shemeji na wanangu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba