Mkasi na Kisu

4 Machi

Baba,
Shikamoo. Hujambo huko? Na macho yako je? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimevurugika.

Jana kwenye mashine ya kukagua mizigo niliona mkasi ndani ya begi la abiria. Nikautoa, begi likapita. Hatua kumi mbele mlinzi akalifungua, akatoa kisu. Msimamizi alinirudishia picha ya mashine: kisu kiko wazi, vidole vinne tu kutoka kwenye mkasi. Baba, nilikitazama, sikukiona! Nimeandika yote katika daftari langu: saa nne na dakika kumi asubuhi, sikuwa na usingizi, wala njaa, wala sikuwa napiga soga. Sababu siipati. Wenzangu sasa wananiita Nusu Begi.

Tarehe 20 napimwa kwa mabegi hamsini. Likinipita moja, kazi sina.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,
Marahaba. Huku ni salama, isipokuwa paka wa jirani ameamua kuhamia kwangu bila kuniuliza.

Miaka thelathini na moja nilisahihisha kurasa katika kiwanda cha uchapaji. Unajua kosa lililonipita mara nyingi? La pili. Ukishaliona la kwanza, kichwa hulibeba kama ndoo iliyojaa pomoni. Macho yanatembea, akili inachunga maji yasimwagike. Kwa hiyo nilitua ndoo: naandika la kwanza pembeni, karatasi inibebee, kisha naanza ukurasa upya kama sijaona kitu. Si kuendelea ulipofikia, mama, ni kuanza upya. Macho yangu yanapasuliwa Jumanne tarehe 24. Wamesema niende na mtu wa kunishika mkono, nami nimewaandikishia jina lako. Andika “mkasi”, kisha litazame begi lote kama ndiyo kwanza linaingia. Na hao wacheke tu. Mimi waliniita Mzee Nukta, na nikastaafu nao wakiwa bado wanacheka.

Baba yako

21 Machi

Baba,
Shikamoo! Hamsini kwa hamsini! Begi la thelathini na mbili lilikuwa na chupa. Nikaandika “chupa”, nikaanza upya, nikauona wembe pembeni. Msimamizi akaniuliza, “Unamwandikia nani barua?” Nikamwambia, “Natua ndoo.”

Lakini nilikuuliza habari za macho, hukunijibu. Au umenichoka?

Binti yako

30 Machi

Baba,
Shikamoo. Siku tisa, kimya. Si kawaida yako.

Leo nimeitoa barua yako. Nimeandika pembeni, “njia ya kutafuta”, kisha nikaanza upya kutoka “Binti yangu”. Barua hiyo nimeisoma mara saba, naijua hadi paka. Ningeapa mstari ule haukuwepo. Upo, Baba, katikati kabisa, kwa mwandiko wako uleule. Tarehe 24! Siku hiyo daftari langu linasema: “Kazini. Hakuna jipya.”

Nani alikushika mkono? Ulikwenda, au ulikaa ukiningoja? Sielewi niombe radhi kwa lipi.

Nawe unayemsomea barua hii, kama yupo wa kumsomea, tafadhali msomee hapa mara mbili: nimepewa ruhusa, nafika Alhamisi asubuhi. Kama macho bado yamefungwa, Baba, usiyafungue kunitazamia. Kaa mlangoni tu, nitakuona mimi.

Binti yako