Tausi Bado Yuko Mikononi Mwangu

Dada yangu Mariamu,

Daftari halikuungua. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata bibi ninayelala naye chumba kimoja. Siku ile baba aliponiamuru nilitie motoni mbele yake, nilikuwa nimeshalivua jalada lake la kaki na kulivalisha daftari la Uraia, na hilo ndilo lililoungua. Mwalimu wa Uraia aliponiuliza daftari liko wapi nikasema ng'ombe amelila. Nikachapwa, darasa zima likacheka. Letu nililificha kwenye mfuko wa rambo, chini ya mbegu za alizeti. Ninalo hadi leo. Tausi wako yumo ndani, amefungwa mikono mwaka wa pili sasa, anasubiri niamue kama ataishi au atakufa.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja kuishi kwetu Mungaa mama mkubwa alipougua, ukaja na mchezo uliojifunza bwenini. Kila mmoja ana mtu wake wa karatasi, anampa jina, nguvu, akili na bahati. Mmoja anasimulia, mwenzake anaamua mtu wake afanye nini, halafu dadu ya ludo inasema kama ameweza. Tulichezea juu ya dungu, katikati ya mtama wa bibi, tulikotumwa kufukuza kwelea kwelea. Mkono mmoja kombeo, mkono mwingine dadu. Nchi yetu tuliiita Chumvini, nchi yenye ziwa lisilonyweka. Wako alikuwa Tausi, mpiga mishale asiyemwogopa mtu. Wangu alikuwa Mrina, mrina asali asiyependa kuongea mbele za watu.

"Yaani hata kwenye karatasi unaona aibu?" ulinicheka.

Lakini kule juu sikuwa na aibu. Wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kunisikia nikipiga kelele.

Sheria uliziandika wewe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa ule mwandiko wako wa kulala. Aliyekufa hafufuki. Mateka ni wa aliyemkamata, yeye ndiye mwenye kuamua. Mateka apewe nafasi ya kujitetea.

Mateka wangu wa kwanza alikuwa Mzee Kopo, yule mwizi wa maji. Nilimkamata kisimani.

"Muue," ulisema.

"Mzee wa watu, dada. Ana kiu."

"Ukimwacha atarudi. Haya, shauri yako."

Nilimwacha. Kesho yake ilikuwa zamu yako ya kusimulia, ukamrudisha na genge lake, wakapasua mizinga yote ya Mrina. Nililia machozi ya kweli, nawe ulicheka hadi ukashika nguzo ya dungu usianguke. "Nilikwambia, mdogo wangu. Huruma yako itakuponza." Maneno hayo niliyaandika pembeni mwa ukurasa. Yapo.

Halafu ikaja ile siku. Tausi alikuwa amewaonyesha askari wa mfalme njia ya siri ya Mrina, nami nikamtegea kamba. Nilirusha dadu, ikaja sita. Ilikuwa mara ya kwanza kukushinda. Nikamwandika mateka.

"Ngoja, ngoja! Sheria! Lazima ajitetee!"

Ulisimama, ukajifunga kanga mabegani kama joho, ukaanza kumtetea. Kwamba Tausi alilelewa na watu wasio wazazi wake. Kwamba askari walimtisha. Kwamba mtu akiogopa, mdomo wake husema kabla ya moyo. Nilikuwa naandika kila neno, na nilikuwa karibu kulia. Ndipo nikasikia mabawa upande wa kusini wa shamba, mengi.

"Dada, ndege."

"Kaa chini wewe! Mtu anahukumiwa hapa."

Nikakaa. Hilo ni kosa langu na silikatai, nilikaa. Tulipokuja kugeuka, upande wote ule ulikuwa mashuke matupu yaliyosimama.

Baba alikuja mbio, bibi nyuma yake. "Nani alikuwa dunguni?" Ulikuwa umeshashuka. Ulikuwa umeshika lile dumu la njano.

"Baba mdogo, mimi nilikwenda kisimani. Nilimwachia yeye."

Dumu lilikuwa kavu, dada. Tulilibeba asubuhi, mfuniko haukufunguliwa kutwa nzima. Ilitosha mtu mmoja tu kulinyanyua. Nilikuwa nalitazama dumu, nakutazama wewe, na mdomo wangu ulikataa kufunguka kama unavyokataa siku zote watu wakiwa wengi. Ukaona nimenyamaza, ukaongeza: "Alikuwa anachezea lile daftari lake." Daftari langu. Lenye mwandiko wako ukurasa wa kwanza.

Nimelifikiria hili kuliko hesabu zote nilizosomeshwa. Mtu wa karatasi ulimtetea kwa kusimama, kwa mikono, kwa kanga, hadi shamba la bibi likaisha. Mimi hukunitetea hata kwa neno moja. Najua uliogopa kurudishwa kwa wajomba, uliokaa nao kabla ya kuja kwetu. Jioni ile tukiosha vyombo wawili peke yetu, kama ungeniambia tu "nisamehe, niliogopa", ningekusamehe palepale na ungemaliza vyombo ukiimba. Uliniambia, "Sugua na hilo sufuria."

Bibi, ambaye ugali wa mahindi humpa kiungulia, alikaa chini akaokota punje moja moja. "Mjukuu wangu, umewalisha ndege," alisema, wala hakusema kwa ubaya. Lakini baba alilichukua neno akalipeleka kwa wenzake, wenzake wakawapa watoto wao, watoto wakalipeleka shuleni. Tangu hapo jina langu la ubatizo hulisikia kanisani tu. Kwingine kote ni Mlisha Ndege. Nikipita na ndoo: "Mlisha Ndege, umebakiza?" Nikijibu swali darasani, mtu anapiga mluzi kama ndege.

Na siku ya mahafali yangu ya kidato cha nne ulikuwepo. Nilipoitwa mbele, mvulana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Mlisha Ndege! Na sisi tuna njaa!" Baba alicheka na wenzake. Wewe ulikuwa umekaa kiti cha tatu, gauni la kijani. Nilikutafuta kwa macho kwa sababu ni wewe peke yako uliyekuwa unajua. Ulikuwa unacheka. Niliyaona meno yako.

Basi na mimi nina langu la kukuambia. Kila nilipoitwa lile jina, nilikwenda kulifungua daftari na kumfanyia Tausi jambo. Wiki ya kwanza nilimnyima maji. Baadaye nilimnyoa nywele kwa wembe butu. Siku ya mahafali nilivunja upinde wake vipande vitano na kumlazimisha avihesabu. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilikuwa nalala vizuri.

Kifo chake nilikuwa nakiweka akiba. Nilijiambia, nikimaliza shule nitamuua kwa kalamu nyekundu, bila haraka, kwa sentensi nzuri.

Kisha wiki iliyopita ukapiga simu kutoka Singida mjini. Mama akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. "Mlisha Ndege wangu hajambo?" ulianza. Ukasema unakuja mtama ukivunwa. Ukasema, "Halafu kale kamchezo ketu! Maskini Tausi wangu, aliungua kabla sijamaliza kumtetea. Huwa namkumbuka." Sauti yako ilishuka kidogo hapo, kweli ilishuka. Mimi nilisema "Shikamoo dada", nikasema "Sijambo", nikamrudishia mama simu. Umemkumbuka yeye.

Jana nilipanda dunguni na kalamu nyekundu. Niliandika: *Mrina akachukua kisu.* Nikasoma utetezi wa Tausi kwa sauti, maneno yako yote, kwa sababu sheria ni sheria. Nilipofika pale pa mdomo kusema kabla ya moyo, kwelea wakatua. Nikaweka kalamu, nikashika kombeo, nikapiga debe, nikapiga kelele hadi koo likauma. Nilikuwa peke yangu, na hawakupata kitu. Bibi alikuwa anapita chini, akasimama kunitazama. "Kumbe una sauti," akasema.

Niliporudi kwenye ukurasa sikuitaka tena damu yake. Mfu hasikii anavyoitwa. Ningemuua Tausi angepumzika, na mimi ningebaki na jina langu peke yangu.

Kwa hiyo nimemwacha hai. Usishangilie. Mrina amekata kamba, amempa maji, amemfungulia mlango, na amemtangaza Chumvini yote kwa jina jipya: Mlisha Ndege. Akiteka maji wanamwita hivyo. Walinzi wa lango wanampigia mluzi. Akifungua mdomo aeleze, nimeandika kwamba sauti haitoki. Jana alitembea vijiji vinne, na kote jina lilikuwa limeshatangulia.

Huruma yangu iliniponza mara moja, na wewe ndiye uliyenifundisha. Hii siyo huruma.

Ukija, usishuke kwenye bodaboda ukakimbilia jikoni na kelele zako. Mtafute baba akiwa amekaa na wenzake, walewale, wasalimie, halafu mwambie dumu lilikuwa kavu. Maneno hayo matatu tu. Jioni yake utapanda dunguni, nami mbele yako nitamfuta Tausi jina na kumrudishia upinde wake mzima. Usiposema, nitakuandalia maji ya kuoga na chakula kama kawaida, na Tausi ataendelea kutembea. Daftari ni kaunta, lile nene, dada, na hatujafika hata nusu ya kurasa.

Ila usilitaje mbele za watu. Baba akijua halikuungua atalitafuta, na safari hii moto atauwasha mwenyewe. Nakuomba hii itunze moyoni mwako, usimwambie hata mama mkubwa. Kutunza siri unaweza. Ile nyingine umeitunza vizuri sana.

Mdogo wako,
uliyemwacha dunguni.