Uso Wako Uko Vingunguti

Mwanangu Idi,

Assalamu alaikum, baba yangu. Huku kwetu Temeke tupo kama ulivyotuacha, pungufu yako wewe tu. Nianze na bibi yako, maana nisipomtaja wa kwanza atanuna. Yu hai, lile jino lake la mbele limeng'oka, akikutaja jina linapita mwanyani, na kukutaja anakutaja kila siku. Dada yako Zena anakusalimu. Kajifungua salama mtoto wa kiume, tumempa jina lako, na analia kama ulivyokuwa ukilia wewe, kelele nyingi machozi hakuna. Shangazi yako Bi Mwanaidi anakusalimu pamoja na magoti yake, kasema nisiyasahau magoti. Jirani yetu mama Joni, mke wa karani, kaniletea ndizi za kwao bara, kaniambia nikuandikie kwamba anakuombea kanisani kwao. Nikamwambia nitaandika, na nimeandika. Jogoo wako mwekundu naye hajambo, ila anawika saa zisizo zake. Mie mama yako nala, nalala, nasali. Mengine nitakwambia mbele.

Usinicheke mwandiko. Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile nilizofundishwa kabla hawajanitoa kwenda kuozwa, na mkono umesahau nusu. Nikikwama namwita Zena.

Idi, nina kosa nimelifanya, na sijapata wa kumwambia ila wewe mwenyewe. Uso wako nilimpa mtu. Nilimpa kwa kinywa changu mbele za watu, kisha nikauhitaji, nikawa sina haki ya kuuomba.

Unakumbuka walipokuja wale wazungu wa sinema kutafuta vijana warefu? Ulirudi nyumbani unacheka peke yako. "Mama, nimepata kazi ya kuwa mtu wa mwezini." Nikadhani homa imekupanda kichwani. Nikakushika paji la uso, la baridi. Ukanieleza: watu wanashuka kutoka mwezini kule vichakani Kinyerezi, wanakunywa maji ya dimbwi, wanaumwa matumbo, halafu Bwana Afya anawafundisha kuchemsha maji. Bibi yako akauliza, "Mwezini hawana kuni?" Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Basi wakakuvika debe. Debe la mafuta ya taa, limekatwa matundu ya macho, limepakwa rangi ya fedha. Mchana kutwa wewe ni mtu wa mwezini, watoto wanakukimbia, jioni unarudi kwangu na masikio yamechubuka. Nilikuwa nakulaza kichwa mapajani, mtu mzima mwenye ndevu, nakupaka mafuta ya nazi kwa unyoya wa kuku huku unanihadithia. Masanja, rafiki yako Mnyamwezi, yeye ndiye mfalme wa mwezini, na ufalme wake wote akitoka pale anakwenda kubeba magunia. Yule binti aliyekuwa malkia anauza vitumbua, asubuhi huja kamerani na unga kwenye kucha, mzungu anamwambia akanawe, huko mwezini hawapiki. Na wewe ukivua debe unarudi zako kwa dobi kupiga pasi suruali za watu. Nilipenda zile habari kuliko sinema yenyewe, ambayo sikuwa nimeiona.

Yule mzungu wa picha za kusimama, zile zisizotembea, alikupa picha tatu. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikazitazama: debe, debe, debe. Nikakuuliza, "Sasa mwanangu yuko wapi hapa?" Ukasema, "Mama, hataki tuvue. Anasema mtu wa mwezini hana sura ya Mzaramo."

Nadhani ndiyo maana ukaenda kwa yule Mgoa wa Kariakoo kupiga picha ya uso wako. Ukaniletea imefungwa kwenye karatasi. Umesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, umevaa koti la mtu. Koti la mteja, Idi! Umelipiga pasi, ukalivaa, ukaenda nalo studio, ukalirudisha likapigwa pasi tena. Roho ilinitoka. "Mwenyewe akikuona?" Ukanijibu, "Mama, yeye anajua koti lake, uso wangu haujui." Mie nikaichukua ile picha nikaizika kashani chini ya kanga. Mara nane unaniambia niitundike, sikutundika. Nikimwogopa mwenye koti, na nikimsikia shangazi yako anavyosema, nyumba yenye picha malaika hawaingii.

Kisha homa ikaja kweli. Siku tano.

Siku ya kukuzika Masanja alikuja na lile debe. Unajua watani, msiba hauwi msiba mpaka wauchezee, na Wanyamwezi kwetu sie ndio wenyewe. Kalivaa kichwani, kaingia uani anatembea mwendo wako, ule wa kutupa kisigino nje. Watu wakaanza kucheka na machozi yao machoni. Jeneza linataka kutoka, kasimama mlangoni kapanua mikono: "Hatoki! Huyu Mzaramo maisha yake yote hajawahi mahali, kazini anachelewa, chakulani anachelewa, leo kwenye kufa kawahi. Nani kamfundisha?" Bibi yako, mama yangu mzazi, alicheka, Idi. Mie sikuweza. Mie niliona mtu kavaa mwili wako.

Akaingia ndani kupekua, haki yake ya utani, achukue atakacho. Akatoka na sufuria. Hapo shangazi yako akanishika mkono, kaninong'oneza, "Wifi, na ile picha iliyomo kashani? Malaika wa rehema watapita wapi, na maiti imo ndani?" Nilichanganyikiwa, baba. Nikafungua kasha, nikaitoa ile picha, nikamtupia Masanja kifuani. Nikasema kwa sauti watu wote wakasikia: "Chukua na hii! Chukua, nisiione tena!"

Masanja alivua debe, akaitazama picha, akaiweka ndani ya shati. Hakufanya mzaha tena siku ile.

Kitu alichopewa mtani mbele ya maiti hakirudi kwa kuombwa, mie najua, nimekulia humo. Na sikudhani nitakitaka. Lakini arobaini ilipopita nikaanza kukupoteza. Nilikuwa napepeta mchele, nikataka kukuona tu hivi kidogo, kama ninavyokuona siku zote, likaja debe. Nikafumba macho, debe. Nikamuuliza Zena, "Nyusi za Idi zilikuwaje?" Akanitazama kwa huruma, nikajuta kuuliza. Mama gani anasahau? Nilikuzaa mie, nikakunyonyesha miaka miwili uso huo huo ukinitazama.

Nikaenda Kariakoo kwa miguu. Yule Mgoa kahama, aliyeshika duka lake sasa hana picha za zamani hata moja. Nikarudi.

Kisha gari la sinema likaja Temeke. Zena kaja mbio kutoka kisimani: "Mama, ni ile ya mwezini! Na wanasema mwishoni wanavua madebe, wananawa uso kwa maji yaliyochemshwa!" Sikusikia jambo lingine tena siku nzima. Nikavaa kanga zangu za sikukuu, nikaenda kukaa chini mbele kabisa na watoto. Jua likazama, wakatundika nguo nyeupe, ukatokea.

Nilikujua kwa kisigino. Mmeshuka watano kutoka kwenye chombo chenu, wote madebe, nikasema huyu wa tatu ni wangu. Ulikunywa maji ya dimbwi, ukajishika tumbo, watu wakacheka mpaka mwingine kaanguka kwenye baiskeli. Mie nacheka nao, nasubiri. Bwana Afya akaja na sufuria yake, akasema maneno mengi mno yule bwana. Kisha mfalme akavua debe, Masanja mzima mzima, meno yote nje. Na nyuma yake nanyi mnavua. Idi, ulivua ukiwa umetupa mgongo! Umeinama unanawa, kisogo chako kile naona, masikio yako yale yenye vidonda nilivyokuwa nikivipaka mafuta naona, na uso uko upande wa pili.

Nikasimama. "Idi! Geuka, mwanangu! Geuka!"

Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Bi mkubwa, kaa chini, kitambaa hakisikii." Nikaendelea kukuita mpaka Zena akanikalisha. Hukugeuka. Nguo ikawa nyeupe tena, wakazima.

Asubuhi sikumwambia mtu. Nilishika njia ya Vingunguti, nimejipangia maneno: nitapiga magoti, nitasema mila ni mila lakini mie mama. Nilipofika kwenye chumba chake mlango ulikuwa umerudishwa, nikamsikia anasema na mtu ndani. Nikasita kubisha.

"Amka wee Mzaramo! Jua limefika wapi, bado umesimama hapo na koti la wizi? Wenzio tunakwenda kubeba magunia. Na jana. Jana umefanya nini jana? Mama yako kakuita mbele ya Temeke nzima, mara moja, mara mbili, kasimama mtu mzima yule, na hukugeuka. Adabu gani hiyo? Mie nilikuwa pale nyuma, nilitaka kuzama ardhini kwa aibu yako. Mtu anaitwa na mama yake hageuki? Ehe? Jibu basi." Nikamsikia anapenga kamasi. Kisha akaanza upya, kwa nguvu: "Mvivu mkubwa!"

Nilishika ukuta, Idi. Mie nilidhani nalia peke yangu mji huu.

Nikabisha hodi. Alifungua na macho mekundu, akajaribu: "Karibu, mama wa mvivu." Nikamjibu, "Starehe, mpagazi." Utani ukaishia hapo. Picha ilikuwa ukutani juu ya kitanda, msumari mmoja. Hakungoja niseme. Aliitungua, akaifuta kwa kiganja, akanipa. "Chukua, mama. Ulichosema siku ile hakikuwa maneno, kilikuwa kilio. Mie nahesabu sikukisikia."

Nikakaa kwenye kigoda na wewe mapajani. Nyusi zako zinakaribia kukutana, hazikutani. Ndivyo. Na midomo umeibana, kumbe ulikuwa unazuia kicheko, unaliwaza lile koti. Vipi nilisahau hayo? Nilikutazama mpaka chai aliyonipikia ikapoa.

Kisha nikainuka nikakurudisha msumarini mwenyewe.

Usinikasirikie, baba. Nilifikiri sana pale kigodani. Nikikuleta nyumbani, najijua, nitakufunika kashani chini ya kanga, nitakuwa nakutoa kwa siri nakulilia, nakurudisha. Shangazi yako atasema yake na mie nitaogopa. Kule Vingunguti una mtu anakuamsha kila asubuhi, anakusuta, anakudai majibu. Hatukanwi hivyo mtu aliyekwisha. Nikamwambia Masanja, "Nitakuwa naja Ijumaa. Nikija, mtukane nisikie." Akasema, "Mama, utachoka wewe." Nikasema, hiyo kazi niachie.

Basi huu ndio mwezi wa tatu naenda. Namkuta kakuwekea matusi mapya. Wiki iliyopita kasema huko uliko bila shaka umepewa kazi na hujaifanya bado. Nilicheka, mwanangu, nikaona haya kucheka, nikacheka tena.

Nisamehe lile neno, la kwamba nisikuone tena. Nakuahidi mbele ya Mungu, sitakuficha tena kwa kumwogopa mtu, awe mwenye koti au shangazi yako na magoti yake. Mtoto wa Zena akianza kutembea nitambeba nimpeleke, Masanja amfundishe kukutukana kama inavyotakiwa. Barua hii nampa yeye aichomeke nyuma ya picha. Herufi za chuoni hazijui, kwa hiyo hatajua nimeandika kwamba nampenda.

Lala salama, Idi wangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Ila nijibu upesi. Njoo ndotoni, hata kidogo, hata usiseme kitu, na uje kabla masika hayajaanza, maana mabonde ya njia ya Vingunguti hujaa maji, na Ijumaa nitakazozuiwa sitakuwa na pa kukuona.

Mie mama yako,
Tatu binti Mrisho, Temeke