Shuka Moja, Neno Moja

Rissne, Sundbyberg,
Stockholm.
14 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Xavérine,

Litangazwe kwako, kwa ukoo wote wa mtaani Bwiza na kwa majirani wa pande zote mbili za ukuta, kwamba siku ya Jumanne, tarehe nne mwezi wa tatu, saa kumi jioni, mbele ya mashahidi wawili na muuzaji mmoja wa duka la dawa, mdogo wako Juvénal alivaa miwani ya kusomea kwa mara ya kwanza katika historia. Hakuna aliyejeruhiwa. Tangazo limechelewa miezi mitatu kwa sababu mhusika alikuwa anaona haya.

Baada ya habari hiyo nzito, niruhusu nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Hujambo, dada? Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kupaka aliyokuletea Natacha inasaidia, au inanuka tu? Na Valéry, malaria imemwachia? Sisi hapa hatujambo, kwa rehema za Mungu. Emmanuella bado anafanya kazi Tumba; anarudi na treni ya jioni amechoka, lakini maneno yake hayachoki. Belyse ametimiza miaka kumi na saba. Nikimwuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, na nikimkaripia kwa Kirundi anacheka. Jua la mwezi huu limekataa kutua, tunalala kwa kufunga mapazia kama watu wanaojificha.

Sasa, ile miwani ina kisa chake, na ndani ya kisa yumo mwanamke. Usishtuke. Emmanuella anamjua, na kila mwezi humpelekea sufuria ya isombe.

Anaitwa Meihua. Nilikutajia kwenye simu: yule Mchina ninayefanya naye kazi katika chumba cha kufulia, pale kwenye nyumba ya wazee. Ana miaka arobaini na minne, na kwao Chengdu alikuwa mfamasia. Hapa anakunja shuka, kama mimi, isipokuwa mimi sikuacha ufamasia popote. Ili arudi kwenye kazi yake lazima asome kozi ya hapa, na ili aingie kwenye kozi lazima aonyeshe cheti cha Kiingereza. Kiswidi amekwisha kukimaliza. Kiingereza kilikuwa kimemwangusha mara mbili. Akapatana na mumewe hivi: ajaribu mara ya tatu mwezi wa tano, na akianguka tena, aache, aende akaoshe vyombo kwenye mgahawa wa shemeji yake huko Vårby gård, na habari za dawa zisitajwe tena nyumbani mwao. Aliniambia hayo huku akinyoosha foronya, bila kuinua macho.

Mimi nikafanya nini? Unanijua. Nikasema, "Kiingereza? Mbona kidogo hicho! Nilikisoma kambini Tanzania. Nitakufundisha." Nikaongeza kwamba na mimi nitajiandikisha mtihani huo huo, nimshike mkono. Kuanzia siku hiyo akaniita Mwalimu, nami, Mungu anisamehe, nikaitika.

Shuka haikunjwi na mtu mmoja, dada. Mmoja anashika pembe mbili, mwingine pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka inyooke, kisha mnakutana katikati mkabidhiane pembe. Basi tukafanya hivi: tukiwa mbali, Meihua anataja neno la Kiingereza, tukikutana katikati, mimi natoa maana kwa Kiswidi. Shuka moja, neno moja. Kwa siku tunakunja kama mia na arobaini. Nilidhani nitakuwa natoa maana kama padri anavyotoa komunyo. Juma la kwanza halijaisha, mambo yakawa hivi:

"Mwalimu, hilo neno nilikuuliza jana. Jana ulijibu vingine."

"Jana lilikuwa na maana nyingine."

"Neno halijabadilika," akasema. "Aliyebadilika ni wewe."

Siku moja wakati wa chai akaniletea kitabu chake cha maneno. Maneno elfu sita, yamepangwa kwa alfabeti, na lile la kwanza lina maana ya kuacha kitu ukaenda zako. Akasema kwao neno hilo analijua kila mtu, hata mwuza mboga, kwa sababu kila mwaka watu wanaapa kukimaliza kitabu, wanaanza, wanajifunza kuacha, kisha wanaacha. Ukikiangalia kitabu cha mtu kwa ubavu, ukurasa wa kwanza ni mweusi kwa vidole, nyingine zote ni nyeupe kama za dukani. Nikacheka mpaka chai ikamwagika, maana nilikumbuka Biblia yangu: Mwanzo imechakaa, Walawi haijaguswa na binadamu.

Kisha nikakigeuza kitabu chake nikatazama mwisho. Dada, mwisho nako kulikuwa kweusi. Na katikati. Kila ukurasa ulikuwa umelainika kama kitambaa. Nikauliza amekipitia mara ngapi. Akasema mara nne, na kwamba mara ya tatu alikuwa na mimba. Nikamrudishia kitabu kwa mikono miwili.

Maana fikiria. Mimi nina Kifaransa, masista walikiingiza kwa fimbo. Maneno marefu ya Kiingereza, nusu yake ni Kifaransa kilichovaa koti. Nikiliona moja namtambua binamu, nampa mkono. Meihua hana binamu hata mmoja mle ndani. Kila neno kwake ni mgeni aliyekuja peke yake, hana wa kumtambulisha. Hata herufi zenyewe si za nyumbani kwao. Kwao maandishi hayaachi nafasi kati ya neno na neno. Msomaji mwenyewe anajua pa kukata. Elfu sita, dada, na wote amewakaribisha na kuwapa viti.

Lakini kulikuwa na tatizo, ndilo lililomwangusha mara mbili. Ukimpa habari ndefu asome, anashika kila neno, analipima, analiweka chini, anashika la pili. Akifika mwisho hajui habari ilisema nini. Alikuwa kama mtu anayejua jina la kila mkazi wa mtaa ila hajui nani kamwoa nani. Mimi ni kinyume chake: najua nani kamwoa nani, na nani amenuna, ila majina siyajui. Hapo ndipo nilipomsaidia, mara moja tu, usinitukuze. Unakumbuka kambini matangazo yalikuwa yanabandikwa kwa Kiingereza, karatasi ndefu, na jua linachoma? Hatukuyasoma kutoka juu. Tulianza chini: ni lini, nani, alete nini. Kisha tunapanda juu kutafuta sababu. Nikamwambia afanye hivyo hivyo, asome maswali kwanza. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ale kwa kuanza na tunda. Baada ya juma moja alikuwa anamaliza kabla ya saa kwisha.

Mimi ndiye niliyekuwa naanguka. Majaribio matatu ya mazoezi, yote nimeshindwa. Nikalaumu macho. Ndipo nikaenda kununua miwani, Belyse na Meihua wakiwa mashahidi. Jaribio la nne, na miwani, nikaanguka tena, safari hii nikiona vizuri kabisa. Miwani ikaachiliwa huru, haina hatia.

Ugonjwa wenyewe ulionekana Jumamosi moja hapa mezani kwetu. Habari ya kusoma ilihusu binti aliyefukuzwa kazi, mama yake yuko mbali, na kila Jumapili binti anampigia simu anasema kazi ni nzuri. Swali: kwa maoni ya mwandishi, kosa la binti lilikuwa nini? Mimi niliandika: hana kosa. Nikachungulia karatasi ya Meihua. Naye ameandika hana kosa, ila angepiga simu mara mbili kwa juma. Tukafungua majibu nyuma ya kitabu. Kosa lake ni kumficha mama ukweli.

"Kosa gani?" Meihua akawaka. "Mama mtu mzima, yuko mbali! Anataka amwue kwa presha?"

"Habari mbaya haipigiwi simu," nikasema.

"Hata kwetu," akasema.

"Basi kitabu hiki hakina adabu."

Belyse alikuwa kwenye sofa na simu yake, tukidhani hayupo duniani. Akasema, kwa Kiswidi, bila kugeuka: "Baba, hawajauliza wewe unaonaje. Wameuliza aliyeandika anaonaje."

Sentensi hiyo Meihua aliiandika kwenye karatasi akaibandika kwenye kigari cha shuka. Mimi niliisifu sana. Tofauti yetu ni hiyo: yeye aliibandika, mimi niliisifu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Sauti yangu, dada, ikikusikia unacheka hupotoka yenyewe. Karatasi hainioni, ndiyo maana naiamini.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Mtihani ulikuwa tarehe kumi na tatu mwezi wa tano. Tulikaa mstari mmoja, yeye mbele yangu. Habari ya mwisho ilikuwa ya mtu aliyempeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee. Mwandishi alisema mama yule alifurahi huko, akapata marafiki, akaanza hata kuimba. Swali likauliza kuhama kulimletea mama nini. Dada, mimi nafua shuka za wazee wale. Nawajua wasiotembelewa. Nikaandika kulimletea upweke, na kwamba watoto waone haya. Niliandika mistari sita, kwa uchungu, na miwani puani. Nilipoinua kichwa nikaona viganja vya Meihua vinakwenda taratibu hewani, vinakaribiana, vinaachana, kama anakunja kitu. Kisha akainama akaandika.

Nje nikamwuliza ameandika nini. Akasema, "Furaha na marafiki. Nilimwomba mama yangu radhi kwanza, kisha nikaandika." Yeye aliijibu karatasi. Mimi nilimjibu mama yetu, Mungu amlaze pema, ambaye hakuwa amekaa kwenye ile kamati ya mitihani. Wala halikuwa swali hilo moja. Nilikuwa nimejibu hivyo tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata ukanipigia. Ukauliza, "Mtihani vipi, Mwalimu?" maana nilishakuambia mimi ndiye ninayemfundisha Mchina. Nikasema umekwenda vizuri. Ukapiga vigelegele, ukawaita watu waliokuwa uani, na Jimmy akapokea simu akaniita Profesa. Mlango wa kusema "ngoja, matokeo bado" ulikuwa wazi. Sikuupitia. Juma lililofuata ukanieleza kwamba umesimama kanisani na kikapu cha ndizi, umetoa shukrani kwa sababu mdogo wako amefaulu Kiingereza Ulaya. Nikasema asante.

Juzi Alhamisi matokeo yametoka. Sikufaulu, dada. Sikukaribia kufaulu. Na sikumfundisha Meihua. Alinifundisha yeye, mia na arobaini kwa siku, na alikuwa akiniita Mwalimu kwa huruma.

Yeye amefaulu. Cheti kimepelekwa siku hiyo hiyo, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mlango wa kozi kufungwa. Aliipata habari kwenye simu yake, amesimama kati ya mashine mbili zinazonguruma, na hakupiga kelele. Alivua glavu, akaziweka juu ya kigari, akaupangusa uso kwa foronya safi, ambayo ilibidi tuifue tena. Halafu akaniuliza yangu. Nikamwonyesha. Alisoma kutoka chini kwenda juu, kama nilivyomfundisha, akafika upesi sana.

Hakuniambia pole. Alichukua pembe mbili za shuka akarudi nyuma, akataja lile neno la kwanza la kitabu. Tukakutana katikati nikatoa maana: kuacha ukaenda zako. Akanipa pembe zake, akasema, "Vizuri. La pili." Mpaka jioni tulikuwa bado kwenye A. Mtihani mwingine upo mwezi wa kumi na moja, jina langu ameliandikisha mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Hiyo ndiyo kweli yote. Kesho Jumapili sikupigii simu. Arsène anasafiri asubuhi na barua hii imo kwenye begi lake, pamoja na soksi za magoti yako. Ukimaliza kuisoma, nipigie wewe, hata kwa kunifokea. Na kanisani usirudi kuomba ndizi. Shukrani ile ilifika, dada, ila ilipiga hodi kwa jirani. Nakuomba Jumapili ijayo usimame uwaambie watu jina sahihi. Nimelitenga hapa chini kwa herufi kubwa ili lisikushinde:

MEIHUA.

Nisalimie Valéry, mwambie akimaliza dawa ndipo amepona, si akipata nafuu. Jimmy asiniite tena Profesa, ila ruhusa imebaki kuanzia Novemba. Natacha na watoto wote nawakumbuka kwa majina. Emmanuella anakuamkia, na Belyse anasema neno la Kiswidi ambalo amenihakikishia ni jema. Mungu akulindie magoti, mlango na moyo wako, na akupe usiku wenye giza kamili, kitu ambacho huku tumenyimwa mpaka Agosti.

Ni mimi nikupendaye bila kukuficha tena,
mdogo wako wa miwani,

Juvénal