Sanda Nimeikata

Abdulnasiri mwanangu,

Simu yako haipatikani. Tumekimbilia hospitali kwa bajaji ya jirani yetu Lulu. Mkeo Stara kajifungua hapa hapa nyumbani saa kumi na mbili na robo, wiki tatu kabla ya siku zake. Wa kike. Anaenea kwenye viganja vyangu viwili, na miguu bado ya baridi.

Ukitoka zamu njoo na khanga zangu kuukuu, ziko kwenye kamba, zote, hata iliyochanika. Zile mpya ulizonunua ziache! Nilikuambia za pamba, ukaleta za poliesta. Nilimfuta nazo mtoto, maji yakawa yanateleza tu, naye anatetemeka. Na hizo kuukuu nilizifua jana jioni, zilikuwa mbichi.

Ndipo nikafungua sanduku. Ndiyo, ile sanda yangu ya marekani unayonigombeza kila siku kwa kuiweka. Ndicho kitambaa pekee kikavu cha pamba kilichokuwemo nyumbani. Mkono ukasita. Sanda, kwa mtoto mchanga? Stara akasema, "Mama, kata."

Nikakata. Kipande cha kumfutia, kipande cha kumviringishia, na uzi wa pembeni nikafungia kitovu.

Kilichobaki kiko kitandani. Kipige pasi ya moto, uje nacho, kitatosha nepi.

~~Usimwambie mtu kitambaa kimetoka wapi.~~ Wakiuliza, waambie.

Chai iko kwenye chupa. Kunywa ukiwa umesimama.

Na sanda nyingine usininunulie kwanza. Nina mtu wa kubeba.

Mama yako,
bibi tangu asubuhi