Hapa Hakuna Mtu wa Jina Hili

Bergen, 9 Februari 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mbwa na hao kondoo, na kwamba goti halikusumbui sana kwa barafu hii. Mimi sijambo, lakini si sana, ndiyo sababu ya kuandika. Ningepiga simu, ila kwa masikio yako ningelazimika kupiga kelele, na mambo yenyewe si ya kupigiwa kelele.

Tangu Novemba naumwa tumbo chini, upande wa kushoto. Nilidhani nimejitegua kazini, maana fundi wa lifti kutwa anainama na kujibana. Wiki iliyopita daktari wangu alinipapasa akasema kuna uvimbe, na anahisi uko kwenye ovari. Ndiyo, Baba, bado ninazo. Miaka mitano iliyopita nilipobadilisha jina na namba ya utambulisho kuwa za kiume, tumboni sikutolewa kitu. Kisu cha kifuani kilinitosha. Nilizisahau kabisa.

Ameandika rufaa kwa hospitali kubwa ili nipigwe picha. Akaniuliza kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua huko. Nikamwambia nina shangazi aliyekufa kwa "tumbo" nilipokuwa na miaka kumi. Baba, Shangazi Borghild alikuwa na tumbo gani?

Mwanao,
Sjur

*

Indrevåg, 21 Februari 2022

Mwanangu Sjur,

Marahaba. Goti liko palepale, mbwa ana afya kuliko mimi, na theluji imefika dirishani. Pole sana kwa maumivu.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Borghild alikuwa na saratani ya ovari. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mama yangu naye ni hiyohiyo, nadhani, ila wakati ule hakuna aliyeitaja. Watu wetu hawakutaja kitu kilichoko chini ya kitovu isipokuwa cha kondoo. Mwambie daktari yote mawili, tena mwambie ni wa upande wangu. Kama umerithi, umerithi kwangu, na hilo linaniuma kuliko goti.

Kula. Nimekutumia paja la kondoo lililokaushwa.

Baba yako

*

Bergen, 3 Aprili 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyama imefika, ahsante, ingawa siku hizi nakula kidogo na kushiba upesi. U hali gani? Kondoo wameanza kuzaa?

Mimi bado nangoja. Nimepiga simu hospitali mara tatu. Mara ya kwanza dada aliyepokea akaniambia, "Kaka, hii ni kliniki ya wanawake. Mkeo apige mwenyewe." Nikamweleza. Akaniunganisha na mwenzake, nikaeleza upya. Huyo wa pili alikuwa mwema. Akasema mashine yao ya kuandikisha wagonjwa inakataa namba ya mwanamume kwa kipimo hicho, lakini amepata njia ya kuizunguka, nisiwe na wasiwasi, barua ya miadi itanifikia. Mara ya tatu nikaambiwa imeshatumwa, nivute subira.

Basi navuta. Kazini wanadhani ni mgongo, nami nawaacha wadhani hivyo. Nimechoka, Baba, na sijafanyiwa kitu bado.

Mwanao,
Sjur

*

Indrevåg, 18 Mei 2022

Mwanangu Sjur,

Marahaba, na salamu za sikukuu ya taifa. Jana tulipandisha bendera, ikanyesha mvua, tukala keki tukarudi makwetu. Wana-kondoo ni thelathini na mmoja, hai wote. Vipi tumbo? Na hao wa hospitali, wamekuita?

Nina jambo la kukufurahisha. Zimekuja hapa barua mbili kwa lile jina lako la zamani, zimeandikwa vizuri na mihuri juu. Zamani ningezifungua. Lakini nikakumbuka ulivyoniambia jikoni, kwamba mtu huyo hayupo na nisimwite tena. Unajua ilivyonichukua muda kulimeza. Basi nikachukua kalamu nene nikaandika juu ya bahasha: HAPA HAKUNA MTU WA JINA HILI. Nikazirudisha, moja Machi, nyingine wiki jana. Yule mama wa posta akanitazama. Nikamwambia, "Nina kijana mmoja tu, anaitwa Sjur."

Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Baba yako

*

Bergen, 24 Mei 2022

Baba,

Zile barua zilikuwa zangu.

Nimeuliza leo. Yule dada mwema, ili mashine ikubali, aliingiza namba yangu ya zamani. Namba ya zamani ikaja na jina la zamani na anwani ya zamani, yaani sanduku lako la barua. Ndivyo alivyoizunguka mashine. Ya kwanza ilikuwa ya kipimo cha Machi, ya pili ilikuwa ya onyo. Sikutokea, wamenifuta kwenye foleni. Uvimbe sasa nausikia mwenyewe kwa mkono nikilala chali.

Miaka mitano nimengoja useme maneno uliyomwambia yule mama wa posta. Sasa umeyasema, nami nashindwa hata kuyafurahia. Nimekukasirikia, na kukasirika kwenyewe kunanichosha. Usinijibu kwanza.

Sjur

*

Indrevåg, 4 Juni 2022

Mwanangu Sjur,

Barua yako haikuwa na salamu, nami sikustahili salamu. Ulisema nisijibu. Sijajibu siku kumi. Sasa najibu kwa sababu kuna nililofanya, na ni haki yako kulijua.

Jumatano nilipanda boti ya asubuhi nikaja Bergen. Nikaenda hospitali, kwenye ile kliniki, nikiwa nimevaa koti la kanisani. Binti wa mapokezi akaniuliza, "Mgonjwa ni nani, babu?"

Nikasema, "Mwanangu wa kiume. Ana uvimbe kwenye ovari."

"Labda una maana ya korodani."

"Dada, nimefuga kondoo miaka hamsini. Tofauti naijua."

Ukumbi wote ukageuka. Akasema sheria haimruhusu kunieleza lolote juu ya mtu mzima. Nikamwambia sitaki kuelezwa, nataka kueleza. Mimi ndiye niliyerudisha zile barua, kosa ni langu, kijana wangu hajawahi kukacha miadi maishani mwake. Na bibi yake na shangazi yake wamekufa kwa hiyohiyo. Nikamwambia simwondokei hapo. Nilikaa saa tatu. Mwishowe akatoka muuguzi mkuu, mama mmoja mfupi, akaandika kila kitu, jina lako na namba yako ya sasa. Akasema, "Nenda nyumbani, mzee. Kesho nitampigia mimi."

Kwako sikupita. Nilisimama nje ya mlango, mkono ukagoma kubonyeza kengele. Niliona haya, nikarudi bandarini.

Nisamehe.

Baba yako

*

Bergen, 30 Agosti 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na nyasi umezikata kabla ya mvua. Nisamehe kwa ukimya wa kiangazi kizima. Sikukususa. Nilikosa nguvu ya kushika kalamu.

Yule muuguzi alipiga kama alivyosema. Nimepigwa picha Juni, nimepasuliwa Julai, wametoa kila kitu. Ni saratani, Baba. Imeanza kutoka nje ya ovari, si mbali. Wataniwekea dripu za dawa mara sita, ya kwanza ni tarehe saba Septemba. Nilimuuliza daktari kama ingekuwa tofauti wangeniona Machi. Akasema hakuna anayeweza kujua. Nimekuandikia hilo kama lilivyo, sikulipunguza wala sikuliongeza. Hasira imekwisha. Sijui iliisha lini.

Kinachonichosha zaidi ya kidonda ni kueleza. Kila zamu ya wauguzi naeleza upya mimi ni nani na kwa nini nilikuwa na ovari. Wanasikiliza vizuri tu, halafu zamu inabadilika. Wewe ndiye mtu pekee duniani nisiyehitaji kumweleza kitu.

Najua ni majira ya kushusha kondoo mlimani. Lakini kama unaweza, njoo.

Mwanao,
Sjur

*

Indrevåg, 2 Septemba 2022

Mwanangu Sjur,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika leo saa nne. Kondoo watashushwa na majirani zetu, akina Oddny wa ng'ambo, mbwa anakwenda nao. Boti inaondoka saa nane na begi liko mlangoni.

Barua hii nitaiacha posta hapa bandarini, kwa hiyo mimi nitatangulia kufika. Itakapoingia mlangoni kwako nitakuwa nimeshakaa jikoni, nakuudhi. Naiandika hata hivyo, kwa sababu kuna neno moja sitaweza kulisema nikikutazama. Naogopa, Sjur. Naogopa sana.

Ukishaisoma usiniulize kitu. Nimiminie kahawa tu, tukae.

Baba yako