Napika Lasanya ya Wifi Yangu Marehemu, na Sishibi

Mama Nobantu mpendwa, nisamehe naanza barua yangu ya gazetini bila salamu ndefu, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana humu ndani hakuna ninayeweza kumwambia haya akanisikiliza mpaka mwisho, na mume wangu nikianza tu anasema ni mimba inanisumbua.

Naitwa Vuyokazi, nimeolewa hapa mtaa wa New Brighton nikitokea mji wa Komani, na mimi na mume wangu Mzukisi tunaishi kwa mama mkwe wangu, MaDlomo. Mzukisi alikuwa na mdogo wake wa kike, Lithakazi, ambaye aligongwa na gari akiwa anakimbia mazoezi, kabla mimi sijaijua familia hii. Sikuwahi kumwona. Picha yake ipo sebuleni, amevaa jezi ya netiboli, mpira ameuinua kwa mkono wa kushoto, na zaidi ya hiyo picha hakuna anayemtaja, nami makoti, mke aliyeletwa juzi, nilijifunza kutouliza.

Mwaka huu MaDlomo alianza kudhoofika kwa ugonjwa wa moyo. Nesi wa kliniki alimkataza nyama za mafuta na jibini, lakini hapo hapo akasema mwili wa huyu mama unaisha, mpeni dengu, maharage, soya, vitu vya kujenga mwili. MaDlomo akawa hali chochote, anakunywa chai na kugeukia ukutani. Nikafikiria lasanya, zile tambi bapa za tabaka na mchuzi, kwa sababu ndicho chakula cha Jumapili ambacho hapa hakuna anayekikataa, nikasema nitaipika bila nyama na bila maziwa lakini nitahakikisha ina nguvu kuliko ile ya nyama.

Sasa nisikilize vizuri, Mama. Mimi tofu sikuwahi kuishika maishani mwangu, hicho kipande cheupe cha soya iliyogandishwa, nilikinunua kwa sababu nesi alikitaja. Nilisimama jikoni nawaza nianzie wapi, na kabla sijamaliza kuwaza mikono yangu ilikuwa imeshakifunga kwenye kitambaa na kukiwekea juu sufuria lililojaa maji, kijikamue. Nikachemsha dengu za kahawia nikaziepua zikiwa bado na ugumu kidogo, nikakaanga vitunguu na karoti na nyanya, na hapo mkono ukaenda kwenye kapu ukachukua bitiruti, na mimi bitiruti siipendi tangu utotoni, nikaikwaruza yote ndani ya mchuzi wa dengu mpaka ukawa mwekundu kama wa nyama. Maharage meupe nikayasaga na kitunguu saumu na maji ya ndimu yakawa mchuzi mzito mweupe, tofu nikaivuruga kwa uma, nikapanga tabaka juu ya tabaka na zile karatasi za tambi, juu kabisa nikamwaga mbegu za alizeti zilizopondwa, halafu nikapitisha uma mistari inayokatana kama wavu wa goli. Sikupima kitu. Sikusita hata mara moja.

MaDlomo alikuja mezani kwa kubembelezwa. Akatia mdomoni, akaweka uma chini, akanitazama, si usoni, mikononi. Akaniuliza ya bitiruti nimefundishwa na nani. Nikamwambia hakuna. Mzukisi akainuka akatoka, nikasikia geti.

Ndipo akanieleza, huku akiitazama sahani. Lithakazi alikuwa ameacha nyama na maziwa, anabeba vyuma, anajenga misuli kwa dengu na soya, na nyumba nzima inamcheka. Jumapili moja akapika lasanya hii hii. Bitiruti aliitia makusudi, mama yake akiona wekundu adhani ni nyama, walau aonje. MaDlomo hakuonja. Alimwambia mbele ya wageni awapelekee mbuzi, wageni wakacheka, Mzukisi naye akacheka, na trei nzima ikamwagwa kwenye pipa. Lithakazi akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akafunga kamba za viatu, akatoka kukimbia. Hakurudi.

Baada ya kunieleza hayo, MaDlomo alimaliza sahani yake, akaomba nyingine. Jumapili iliyofuata akataka nipike tena, na iliyofuata tena. Akaanza kupata nguvu, nesi akafurahi, majirani wakanisifu kwamba makoti wa kwa MaDlomo ana mikono ya dhahabu. Nikasifiwa, nami huku nakata chakula kwa mkono wa kushoto, na mimi si wa kushoto, na bitiruti nimeanza kuila mbichi. Mezani MaDlomo akawa ananiita Litha, mwanzoni ulimi ulikuwa unateleza, halafu haukuwa unateleza tena, nami nikawa naitika, kwa sababu nitamsahihishaje mama mkwe aliyetoka kuumwa.

Halafu akaniuliza. Tulikuwa watatu mezani, mchana kweupe, jua limejaa dirishani na upepo wa huku unagongagonga bati la jirani. Alinitazama machoni.

"Litha, mwanangu, siku ile ulitoka umenikasirikia?"

Nilitaka kusema, mama, mimi ni Vuyokazi. Nilifungua mdomo ili niseme hivyo. Kilichotoka ni hiki, kwa sauti yangu mwenyewe lakini taratibu kuliko ninavyozungumza:

"Sikukasirika, mama. Nilikuwa na njaa tu."

Uma ulimponyoka Mzukisi. MaDlomo alilia, Mama, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akanikatia kipande kikubwa akanisogezea, kula mwanangu, kula. Nikala. Na tangu siku hiyo sishibi. Namaliza trei, natia mkono kwenye sufuria, natafuna mkate huku natembea, tumbo linakubali kila kitu na njaa ipo pale pale, na kliniki wananiambia mimba inakua lakini mimi siongezeki uzito. Nikila napenda kukaa kwenye kizingiti cha jikoni. Nimejikuta hapo mara nyingi bila kukumbuka nimeinuka lini kutoka kwenye kiti. MaDlomo anafurahi, ananilisha wiki nzima, anasema mtoto ataitwa Lithakazi kwa sababu ndiye amerudi. Nimemlilia Mzukisi, anasema, "Mama amepona, Vuyo. Wewe kula. Kuna ubaya gani?" Lakini juzi MaDlomo alipokwenda kanisani, Mzukisi alinifuata kizingitini, akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilimsikia yeye pia akicheka. Nilikimbilia bafuni nikajifungia, kwa sababu nilihisi jibu linakuja.

Niache kupika? Nikiacha, MaDlomo atageukia tena ukutani, na kifo chake kitahesabiwa juu yangu. Nikiendelea, sijui siku moja nani atakuwa amekaa kwenye kiti changu. Nisaidie, Mama.

Vuyokazi, New Brighton

*

Vuyokazi mwanangu,

Barua yako haikungoja zamu. Nilipofika uliposema ulijifungia bafuni niliinua simu nikapiga namba uliyoniandikia, na utakumbuka ulikuwa unatafuna huku unazungumza nami. Niliyokuambia nayaandika hapa, na yaliyofuata pia kwa kuwa umeniruhusu, maana nyumba zinazomlisha aliye hai badala ya aliyekufa ni nyingi kuliko tunavyokubali kusema.

Pole. Umebeba kitu ambacho si chako, tena ukiwa na tumbo. Lakini pole yangu ina mwiba, kaa nao. Nani alikutuma kuitika jina la mtu? Unasema heshima. Heshima ni kumwambia mama mkwe ukweli ukiwa umepiga magoti. Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unapendwa, na makoti mgeni akipendwa huwa haulizi anapendwa yeye au nani.

Mambo mengine yana maelezo. Tofu imejaa maji, mwenye akili yoyote ataikamua. Dengu zikilainika sana lasanya inakuwa uji, mikono iliyopika miaka mingi inalijua hilo bila kufundishwa. Lakini bitiruti siwezi kuieleza, wala lile jibu ulilolitoa mezani, na sitajifanya nayajua. Sikuuliza limetoka wapi. Nilikuuliza lilikuwa linaomba nini. Ukameza tonge, halafu ukasema, "Chakula." Basi. Na aliyenyimwa chakula si wewe, wala aliyekinyima si wewe. Wewe ulikuwa unapika deni la mtu mwingine na kulila pia.

Nilikuambia usiache lasanya, ila usiipike wewe. Apike MaDlomo. Akatae, alie, aseme viungo vinauma, lakini apike. Wewe ukae kwenye kiti cha kawaida, mbali na kile kizingiti, umwelekeze kwa mdomo tu. Akikuita Litha, umjibu, mama, mimi ni Vuyokazi, kila mara, hata mara mia. Na Mzukisi awepo tangu kukamua tofu hadi kuosha trei.

Ulinipigia baada ya hapo, na wasomaji wana haki ya kujua ilivyokuwa. MaDlomo aliungua kidole, akazidisha chumvi, tabaka zake zikaenda upande kama ukuta wa kibanda. Alipofika kwenye bitiruti alisimama nayo mkononi kwa muda mrefu, kisha akairudisha kapuni. Alisema safari hii hakuna wa kudanganywa, atakula dengu akijua ni dengu. Alipakua sahani mbili, akazipeleka kwenye kizingiti cha jikoni, akakaa pale chini na moyo wake mbovu, moja akaiweka pembeni yake, ya kwake akaila yote mbele ya mwanawe na mbele yako. Kila tonge alisema, "Nakula, Litha. Ni tamu, mwanangu. Nakula." Mzukisi alikaa nyuma yake sakafuni, akaomba msamaha wa kile kicheko, kwa sauti ya kusikika, bila kumtazama mtu.

Kisha mliingia ndani mkafunga mlango, ile sahani ya pili mkaiacha kizingitini. MaDlomo alipotoka kuokota vyombo, sahani ya pili ilikuwa tupu, safi, na uma umelazwa juu yake upande wa kushoto. MaDlomo anasema ni mbwa. Wewe uliniambia geti lilikuwa na kufuli, na mbwa wa mtaa walikuwa wamesimama nje yake, kimya, wanatazama kizingiti. Mimi sikuwepo. Naandika kama ulivyosema.

Jioni hiyo ulikunywa chai na kipande cha mkate, ukakiacha nusu. Uliniambia ulikitazama kile kipande kilichobaki ukaogopa kukigusa, usije ukaharibu ile shibe.

Lakini sasa umeniletea jambo jipya, na hili ndilo linalonifanya niandike kwa ukali. Unasema Jumapili iliyopita MaDlomo alikuwa amechoka, ukaingia jikoni peke yako upike lasanya, ukasimama mbele ya tofu na mikono yako haikujua kitu. Hukukumbuka kama karatasi za tambi zinaanza au mchuzi unaanza. Ilibidi uende chumbani ukamuulize mama mkwe, naye akakucheka kidogo akakufundisha. Na uliporudi jikoni ukalia, kwa sababu umekuwa mpweke, na ukajikuta umetoa bitiruti kapuni ukakaa nayo, umeishika kwenye mwanga wa dirishani, unasubiri.

Vuyokazi, usisubiri. Nakuelewa. Kwa miezi ulikuwa na mtu wa kupika naye katika nyumba ambayo haikuwa imekuzoea, na huenda ndiye rafiki wa kwanza uliyempata hapo. Hata hivyo iweke chini hiyo bitiruti. Ameshakula, ameondoka, na mlango aliotokea usiufungue kwa sababu ya upweke wako.

Fanya hivi. Wiki hii hii nenda kliniki wapime damu yako na sukari, wajue kwa nini hukuongezeka uzito, na uwaulize vitamini zipi na madini gani mjamzito asiyekula nyama huongezewa, kwa sababu dengu na soya zinajenga mwili lakini hazimalizi kila kitu. Mwambie Mzukisi akuletee mama yako kutoka Komani akae nawe mpaka ujifungue, na akibisha mpe gazeti hili. Mtoto apewe jina lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyewahi kuitwa katika ukoo huo, na hilo mkalikubali mezani MaDlomo akisikia. Lasanya pikeni Jumapili zote mnazotaka, wewe na yeye pamoja, mkikosea mcheke.

Na siku ukiwa jikoni peke yako, mkono ukaanza kujua kitu ambacho hukufundishwa, zima jiko, toka nje kwa mlango wa mbele, umwite mtu yeyote aliye hai kwa jina lake.

Mama Nobantu